Majina ya Upande wa Mama

Paskalia alikuwa amevaa gauni lake la kitenge cha buluu tangu alfajiri, na kufikia saa tano alikuwa ameusokotasokota upindo wake hadi Joyce, mdogo wake, akamshika mkono.

"Dada, utalichana hilo gauni kabla hajakuona nalo."

"Wamekuja wangapi?"

"Wanne. Raphael, mama yake, mshenga, na shangazi yao mmoja ambaye alipanda mlima analalamika, na sasa amekaa na bado analalamika."

Paskalia alicheka, kisha akakumbuka kwamba binti anayeposwa hatakiwi kusikika anacheka, akaziba mdomo kwa kiganja. Walikuwa wamekaa kitandani, chumba cha ndani, wao wawili tu, na kilichowatenga na wageni sebuleni kilikuwa pazia la mlangoni. Nje ukungu ulikuwa haujaondoka. Huku Mgeta kuna siku jua linachelewa kutoka kama mtu mwenye visingizio, na hiyo ilikuwa mojawapo.

"Amenyoa?" Paskalia alinong'ona.

"Amenyoa. Amevaa shati jeupe. Na anaangalia hili pazia kana kwamba ni televisheni."

Roho ya Paskalia ilitulia kidogo. Hakuwa na shaka na Raphael. Shaka yake ilikuwa kwa kila kitu kingine.

Raphael alifika nyumbani kwao mara ya kwanza miaka miwili nyuma, na wala hakuja kutafuta mke. Alikuja na watafiti wa saratani ya matiti, waliokuwa wakitafuta familia ambazo ugonjwa huo umepita zaidi ya mara moja. Kwa kazi hiyo Uluguru ni mahali pa kumshukuru Mungu, maana Mluguru huhesabu ukoo wake kwa mama, na mzee yeyote anayejiheshimu anamjua kwa jina mama, bibi, mama wa bibi na dada zao wote. Katika nyumba ile hazina ya majina ilikuwa kwa Mjomba Bartholomeo, kaka wa marehemu mama yao, ambaye ndiye aliyewalea. Alikaa na Raphael siku tatu. Mzee akitaja, kijana akichora. Mwanamke alikuwa duara, mwanamume mraba, na aliyekufa kwa saratani duara lake lilipakwa wino likawa jeusi.

Siku ya tatu Paskalia alipeleka chai, akamkuta mama yake amekuwa duara jeusi lenye namba.

"Huyo alikuwa anaitwa Leokadia," alisema.

"Najua, dada. Ila haturuhusiwi kuandika majina. Tunaandika namba tu."

"Haya."

Aliweka chai akaondoka. Aliporudi kuchukua kikombe, alikuta chini ya lile duara pameandikwa kwa penseli, kwa herufi ndogo mno, Leokadia. Raphael alikuwa anaangalia dirishani kama mtu asiyehusika. Mapenzi yao yalianzia hapo, na kama kuna mtu anadhani hapo ni mahali pa ajabu pa kuanzia, huyo hajawahi kufiwa na mama.

Baada ya hapo Raphael alipata sababu nyingi za kupanda Mgeta, baadhi yake za kweli. Kila mwezi watafiti wa saratani walitumiana barua pepe ndefu yenye habari za kazi zao na nafasi zilizotangazwa, naye alikuwa akimsomea Paskalia katikati ya matuta ya njegere, akitafsiri palepale. Dawa fulani imeanza kujaribiwa kwa wagonjwa. Mkutano utafanyika Kigali. Nafasi nne za masomo, mwisho wa kuomba ni tarehe fulani. Vijana wengine huwasomea wapenzi wao mashairi. Paskalia hakuwahi kutamani shairi. Alipenda namna sauti ya Raphael ilivyobadilika akifika penye habari njema, na alipenda kwamba kuna watu mahali fulani duniani wanaamka asubuhi kwa ajili ya ugonjwa uliomla mama yake.

Katika barua mojawapo ya hizo Raphael aliona nafasi iliyomfaa. Miaka mitatu Afrika Kusini, akajifunze kusoma vinasaba, ili damu ya watu wa Morogoro isomwe Morogoro badala ya kusafirishwa ng'ambo na majibu kungojwa miezi minane. Aliomba, akapata. Alitakiwa kujibu kabla ya Jumatano, na aliruhusiwa kwenda na mke. Ndiyo maana posa ililetwa harakaharaka. Na ndiyo maana mama yake Raphael, mjane wa Mzinga, mjini Morogoro, ambako marehemu mumewe alifanya kazi kiwandani, alikubali kuipanda milima na magoti yake mabovu.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Paskalia hakumwambia Raphael, na halikuwa lake la kusema.

Wiki moja kabla ya posa, yeye na Joyce waliitwa mjini kuchukua majibu ya damu waliyowapa wale watafiti. Dada Hidaya, mshauri wa ule mradi, aliwaingiza mmojammoja na kufunga mlango. Paskalia aliambiwa kwamba ile kasoro ya vinasaba waliyoirithi mama na bibi yake haikumpata. Hatari yake ilikuwa kama ya mwanamke mwingine yeyote. Alitoka na furaha tele, akakaa kwenye benchi kumsubiri mdogo wake amwambie, wacheke pamoja. Joyce alipotoka hakuhitaji kusema neno.

"Amesema si kwamba naumwa," Joyce alisema walipokuwa wakishuka ngazi. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. "Amesema nitakuwa napimwa kila mwaka, na kuna mambo ya kuamua baadaye. Amesema wengine hawaugui kabisa."

"Umesikia? Wengine hawaugui."

"Dada, usimwambie mtu. Usimwambie mjomba. Usimwambie hata Raphael. Niache kwanza nilizoee mwenyewe."

Paskalia aliapa kwa kaburi la mama yao. Na Raphael, kwa kanuni za mradi, hakuonyeshwa majibu ya mtu yeyote. Yeye kazi yake ilikuwa maduara.

Sasa sebuleni salamu zilikuwa zimekwisha, na Mzee Kondo, mshenga, alikuwa amemaliza kutaja akina mama wa upande wa Raphael, watu wa kule Matombo. Desturi ni kwamba kabla mtoto hajatolewa, kila upande unataja majina ya upande wa mama mpaka ijulikane kwamba hayakutani popote, kwa sababu watu wa ukoo mmoja hawaoani. Ikawa zamu ya mjomba. Paskalia alimsikia akisafisha koo. Mzee aliipenda kazi hiyo kuliko kula.

"Paskalia amezaliwa na Leokadia," mjomba alianza, kwa ile sauti yake ya kanisani. "Leokadia, saratani ya titi. Leokadia amezaliwa na Skolastika. Skolastika, titi, la kushoto. Dada yake Skolastika ni Apolonia, huyo alikufa kwa uzazi. Mama yao wote ni Perpetua. Perpetua, titi, ingawa zamani zile hatukulijua jina lake."

Chumbani, Joyce alimbana Paskalia mkono mpaka kucha zikaingia.

Mzee wa watu hakuwa na nia mbaya. Kwa miaka miwili watafiti walikuwa wakimuuliza kila baada ya jina, "Naye alifariki kwa nini?", hadi majina na maradhi vikawa vimeshikana mdomoni mwake. Alikuwa hasikii tena anachosema. Aliendelea na majina mengine mawili, akasubiri kusifiwa.

"Samahani, mzee," ilikuwa sauti ya mama yake Raphael. "Naomba urudie."

"Wapi, mama?"

"Majina. Na hayo uliyoyaongeza kwenye majina."

Hapo ndipo mjomba aliposikia alichokuwa amesema. Alianza sentensi kwa Kiswahili, akaiendeleza kwa Kiluguru, kisha akaiacha.

"Mama Raphael," Mzee Kondo aliingilia, "sisi hapa tunatafuta kama koo zinakutana. Hazikutani. Tumshukuru Mungu, tuendelee."

"Mzee wangu, nimesikia wanawake watatu, bibi, binti na mjukuu. Wote kwa ugonjwa mmoja. Unataka niendelee wapi?"

"Na hawa mabinti wamepimwa," shangazi alidakia. "Pale chini tulipopumzika, wauza plamu wametuambia. Mabinti wawili wa nyumba hii waliitwa mjini juzijuzi kuchukua majibu. Mlima mzima unajua."

"Raphael," mama yake alisema. "Wewe unafanya kazi huko. Unajua?"

"Sijui, mama. Sionyeshwi. Na hata ningeonyeshwa nisingesema. Jibu ni la mwenye damu yake."

"Mimi ni mama yako."

"Najua, mama."

Mjomba aliita. Paskalia aliinuka, akajitengeneza gauni, akapita kwenye pazia. Nyuma yake alikuja Joyce na bakuli la maji ya kunawa, maana desturi nyingine ni kwamba binti akishakubali, watu wananawa na kula. Chakula kilikuwa tayari. Kuku wawili, wali, njegere za shamba lao wenyewe.

Alikaa kwenye mkeka, akainamisha kichwa. Hakuhitaji kutazama ili ajue Raphael amekaa wapi.

"Paskalia," mjomba alisema, na sauti yake haikuwa na ile fahari tena, "hawa wageni wanasema wamekuja kwa ajili yako. Unawakubali?"

Katika nyumba ile binti huulizwa mara tatu, na kimya chake huhesabiwa kuwa ndiyo. Ni heshima. Binti anayejibu haraka ataonekana ana haraka. Mjomba aliuliza mara ya pili na ya tatu, Paskalia akatulia, na wanawake waliokuwa jikoni nje, ambao hawakusikia yaliyotangulia, wakapiga vigelegele. Hapo ndipo aliponyanyua macho kidogo tu na kukutana na ya Raphael. Alikuwa anamtazama kama mtu aliyebeba kitu na hajui akiweke wapi. Kwa muda wa pumzi mbili Paskalia alikuwa mchumba wa mtu.

"Na mimi naomba niulize la kwangu," alisema mama yake Raphael.

Vigelegele vilikatika.

"Mwanangu, unisamehe. Mimi si mtu mbaya. Nilimwosha mume wangu kitandani miezi kumi na minne, saratani ya ini. Raphael alikuwa kidato cha pili, alikuwa ananisaidia kumgeuza. Najua ninachouliza." Mama alipumua. "Mlipimwa. Unacho hicho kitu cha mama zako, au huna?"

Neno lenyewe lilikuwa fupi. Sina. Angelisema, mama yake Raphael angelia kwa furaha, maana alikuwa mama wa kulia. Watu wangenawa, wangekula, padri angetangaza ndoa Jumapili ijayo, na yeye angepanda ndege ambayo hajawahi kuiona ila juu angani. Neno lilimfika kwenye ulimi kabisa.

Lakini shangazi alikuwa hamwangalii yeye. Alikuwa anamwangalia Joyce. Macho ya shangazi yalikuwa yameshapiga hesabu: walipimwa wawili, wa kwanza akisema hana, atafuata wa pili. Na Joyce alikuwa amesimama mlangoni na bakuli, na maji ndani ya bakuli yalikuwa yanatikisika.

Paskalia aliinamisha kichwa.

"Mpwa wangu," mjomba alisema. Alikuwa anaomba sasa. "Sema tu. Sema, mama, tujue."

Hakusema.

"Paska," mjomba alirudia, ikawa mara ya tatu anaulizwa, na hapo sauti ya mzee ilipasuka.

Hakuna aliyekuwa amewahi kufikiria kwamba siku moja lingeulizwa swali la namna hiyo, kwa hiyo kanuni ikabaki ileile: kimya ni ndiyo.

"Ameshajibu," alisema mama yake Raphael.

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi. Aliinuka kwa shida, akamsogelea Paskalia, akamshika shavu kwa mkono mkavu wenye joto.

"Ungekuwa umezaliwa na mimi, ningekulilia usiku na mchana. Lakini huyu ndiye mwana pekee niliye naye. Nimeshamwona akimgeuza mgonjwa. Sitaki aje ageuze mwingine."

Wakatoka. Bakuli la maji lilibaki mikononi mwa Joyce, hakuna aliyenawa.

Raphael hakurudi nao mjini. Aliwapandisha kwenye pikipiki kule chini barabarani, akasikia aliyosikia kutoka kwa mama yake, kisha akarudi juu kwa miguu. Alimkuta Paskalia kwenye matuta ya njegere, bado na gauni la buluu, anang'oa magugu ambayo hayakuwepo.

"Acha kwanza," Raphael alisema.

"Viatu vyako vitaharibika."

"Paska, acha kwanza. Nisikilize mimi."

Alikaa kwenye ukingo wa tuta, shati jeupe na yote. Alimshika mikono yenye udongo akaiweka magotini kwake.

"Nitakuoa hivyohivyo," alisema. "Nimefikiria wakati napanda. Wale wa masomo nitawaambia hapana kabla ya Jumatano. Nitabaki hapa. Utapimwa kila mwaka, nitakupeleka mwenyewe, na likitokea la kutokea, mimi si mgeni wa kazi hiyo. Mama atakasirika mwaka mmoja, miwili, halafu atapata mjukuu ataacha. Namjua."

Paskalia alimtazama. Wanawake wengi wanaishi maisha yao yote bila mwanamume kuwaambia maneno kama hayo, na yeye alikuwa ameambiwa kwa sababu Raphael alidhani sivyo. Alitaka kulia, alitaka kumkumbatia mpaka wote wawili waanguke kwenye njegere. Alitamani, kwa nafsi yake yote, kumwachia aamini hivyo. Angekuwa mkewe kabla ya Pasaka. Kila mwaka wangekwenda mjini kupima kitu ambacho hakipo, na kila mwaka angemwona anatetemeka kwenye benchi bure.

"Usikatae nafasi yako," alisema.

"Nafasi zitatoka nyingine. Kila mwezi zinatoka, si nakusomea?"

"Raphael, watu wanangoja majibu miezi minane. Umenieleza mwenyewe. Kuna mtu alikufa akiwa amengoja miezi saba. Ukienda ukarudi, watu wa hapa watajibiwa baada ya wiki. Usiniambie hilo ni dogo."

"Si dogo. Lakini mimi nimekuchagua wewe."

"Mimi nataka uende. Kuna watu watakuhitaji."

"Nani? Anayenihitaji ni wewe."

Paskalia alijaribu kuvuta mikono yake, Raphael hakuiachia. Alikuwa anamtazama usoni, na Paskalia aliona uso wake unabadilika polepole. Alikuwa mtu wa maduara. Alikuwa ameuchora ukoo ule kwa mkono wake, na chini kabisa ya karatasi aliacha maduara mawili meupe, yamekaa pamoja.

"Si wewe," alisema.

"Raphael."

"Si wewe, Paska. Ungekuwa wewe ungesema. Ungesema mara ya kwanza tu, nakujua, usingemwacha mjomba wako aombe vile." Aligeuka kutazama nyumba, ambako moshi ulikuwa unatoka jikoni na mtu alikuwa anaosha vyombo. Alipogeuka tena macho yake yalikuwa mekundu. "Mungu wangu. Ana miaka mingapi yule?"

"Sijasema kitu."

"Hujasema."

"Na wewe hujaniuliza."

"Sijakuuliza." Alijifuta uso kwa mkono wa shati, udongo ukabaki shavuni. Kisha, maana alikuwa kijana na alikuwa anapenda, akajaribu. "Basi nisaidie. Una karatasi yako. Mwonyeshe mama peke yake, chumbani, mlango umefungwa. Nitamwapisha asiseme."

"Mama yako akijua si mimi, atalala usiku huo? Tuko wawili tu. Kesho yake shangazi atajua. Keshokutwa wauza plamu."

"Nitamwambia anyamaze."

"Mama yako?"

Walikaribia kucheka wote wawili. Kicheko kiliwafika na kupita bila kutoka.

"Ile siku ya kwanza," Paskalia alisema, "ulikaa pale sebuleni ukatuambia kwamba jibu la mtu halitatoka kwenu hata akija rais. Joyce alikubali kutoa damu kwa sababu ya maneno hayo. Mimi ningekataa, nilikuwa naogopa sindano. Yeye ndiye aliyenivuta, alisema huyu kaka anaonekana hawezi kusema uongo."

Raphael aliinamisha kichwa.

"Tumuulize mwenyewe," alisema mwishowe. "Akikubali kusema."

"Atakubali. Nikimuuliza leo atakubali, tena atakimbia mpaka Mzinga kwa miguu kumwambia mama yako. Ndiyo sababu simuulizi. Wiki moja tu, Raphael. Ana wiki moja na hiyo habari. Bado anaamka asubuhi amesahau, halafu anakumbuka. Namsikia akikumbuka, tunalala kitanda kimoja. Mtu wa namna hiyo nimtoe mbele za watu ili mimi niolewe?"

"Kwa hiyo unanitoa mimi."

"Ndiyo," Paskalia alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Ndiyo. Wewe ndiye ninayekutoa."

Upepo ulipanda kutoka bondeni na ukungu ukaanza kurudi, kama kawaida ya jioni za kule. Raphael aliinuka. Alisimama mbele yake mikono imening'inia.

"Niambie nirudi, nitarudi."

"Miaka mitatu ni mingi. Mama yako atakutafutia mtu."

"Sijauliza mama yangu atafanya nini."

"Sitaki uondoke na neno langu mfukoni," alisema. "Utakuwa unalitazama badala ya kusoma. Nenda, Raphael. Ukibaki kidogo tena nitasema kitu."

Raphael alimshika kichwa kwa mikono miwili, akambusu kwenye paji la uso, pale nywele zinapoanzia. Hakumbusu mdomoni, maana walikuwa shambani na Mgeta ina macho. Kisha akashuka. Paskalia alihesabu matuta aliyoyapita mpaka ukungu ukamzuia kuhesabu.

Joyce alimngoja jikoni. Vyombo vyote vilikuwa safi, kuku wawili wamefunikwa, hakuna aliyewagusa.

"Kwa nini hukusema?" Joyce aliuliza.

"Nilishikwa na aibu."

"Dada."

"Joyce, yule mama angenitesa. Umeona alivyo? Leo damu, kesho nimechelewa kuzaa, keshokutwa chumvi imezidi. Bora nimemjua mapema."

"Na Raphael?"

"Raphael anakwenda zake kusoma. Wanaume wakienda kusoma huwa hawarudi vilevile. Bora hivi." Alichukua sufuria lililokwisha kusuguliwa akaanza kulisugua. "Hata hivyo nilikuwa sijaamua vizuri."

Ulikuwa uongo mbovu, na Joyce alikuwa mtoto mwenye akili. Lakini kuna nyakati mtu anahitaji uongo ili apate usingizi, na Joyce aliuchukua huo akaenda nao kitandani. Alimlalia dada yake begani usiku kucha.

Jumatatu asubuhi, saa mbili haijafika, wanawake wa jumuiya ya kanisani walianza kuja. Mjomba Bartholomeo, kwa uchungu wa kosa lake, alikuwa ameshinda jioni nzima akipita nyumba hadi nyumba kuomba watu wamwombee mpwa wake. Walikuja na mayai, walikuja na plamu kwenye ungo, mmoja alikuja na mafuta yaliyobarikiwa. Walikaa kwenye mkeka uleule.

"Pole, mwanangu."

"Asante, mama."

"Mungu ni mwema. Siku hizi wanatibu."

"Ndiyo, mama."

"Unasikia maumivu?"

"Kidogo," Paskalia alisema, na hakuwa anadanganya.

Joyce alikuwa anapitisha chai. Kila aliyepokea kikombe alimwambia, "Na wewe mtunze dada yako, unasikia? Yeye hana mwingine." Joyce aliitikia kila mmoja.

Simu ya Paskalia ilitetemeka juu ya mkeka, karibu na goti lake. Aliigeuza asome. Nimewajibu. Nimesema nakwenda. Nitaondoka Ijumaa. Hakukuwa na kingine, wala jina.

Kilio kilichokuwa kimekaa tangu jana kilimtoka palepale, mbele ya wanawake tisa, kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake. Alilia kwa ajili ya penseli, na shati lenye udongo, na ndege asiyoipanda. Alilia bila kujificha, kwa sababu hakuna aliyemshangaa. Walimsogelea wote, wakamshika kifua wasichokijua, wakamwambia alie tu, alie, ugonjwa huu ni mkubwa, nani asingelia.

Joyce aliweka birika chini. Alipita katikati yao, akamkumbatia dada yake kwa nguvu, na yeye pia akaanza kulia. Wanawake walisema ni kweli hawa wawili wanapendana, wakaanzisha rozari.